Blanketi la Ndege Weupe

Vitambaa nilivipata mjini Moshi, kwa fundi aliyenipa mfuko mzima wa mabaki ya vitenge akisema nimempunguzia uchafu dukani. Parokia yetu ya huku Kirua Vunjo ilikuwa inachangisha paa la zahanati, na kila mama aliombwa kitu cha kuuzwa mnadani baada ya Misa. Wenzangu walitoa mikungu ya ndizi na majogoo. Mimi, mke mgeni mwenye kiherehere cha kutaka kuonekana, nikasema nitashona blanketi la viraka.

Nilishona wiki tatu. Katikati niliweka kipande kizuri kuliko vyote, cha kijani chenye ndege weupe. Jumamosi nikalikabidhi kwa katibu, kichwa kimenivimba kwa sifa.

Jioni mume wangu aliokota kipande kilichobaki chini ya cherehani.

"Hiki umekipata wapi?"

"Kwa fundi. Kwani vipi?"

"Hii ni sare ya msiba. Alipofariki binti wa mama hapo ng'ambo ya mfereji, ukoo wote ulishona kitenge hiki."

Wakati huo nilikuwa sijaolewa, ningejuaje? Lakini nani angeniamini? Nilikuwa nimeuchukua msiba wa mwenzangu nikaupeleka mnadani. Katibu alikuwa ameshafunga ofisi na kuondoka. Mume wangu akaniambia niende kwa mama mwenyewe kabla hajaliona. Nilifika mferejini nikarudi. Niliogopa, sina la kusingizia.

Kesho yake mnadishaji alipolitandaza, kelele zilipungua. Mama yule alikuwa benchi la pili. Nilikuwa nakiona kisogo chake tu. Shemeji zake wakataja bei, wakaongezeana, mwishowe wakalinunua pamoja. Kwetu mtu hununua mnadani akamtunza mwingine, nao wakasema apewe mama. Watu wakapiga makofi. Mikono yangu ilikataa.

Alinikuta nje ya kanisa.

"Shikamoo mama. Nisamehe, sikujua."

"Marahaba. Najua hukujua, mwanangu." Akanipa blanketi, amelikunja ndege wakawa ndani. "Wamenipa kwa upendo, nisingeweza kukataa mbele za watu. Lakini kwangu haliwezi kuingia, bado. Nitunzie. Siku nikiweza nitalifuata."

Huu ni mwaka wa pili. Kila baada ya mvua nalianika uani, upande wa nyuma asipoweza kuliona, nikihofia ukungu, nikihofia panya, nikihofia kwamba akija atanikuta nimeliharibu. Akipita njiani tunasalimiana vizuri. Ananiuliza habari za migomba, namjibu, blanketi hatulitaji. Kisha anasema haya mwanangu, baki salama, na anaendelea na safari yake.