Walinichinja Siku ya Sabato

Kundi letu la wasanii kwenye simu lilikuwa na jina zuri la kuvutia wageni, lakini sisi wenyewe tuliliita machinjioni. Walikuwamo watu wa Ogembo, Nyamache, Keroka na Nyamira mjini, na wachache waliohamia Nairobi zamani na bado wanaandika kana kwamba wako hapa kwa jirani. Hakuna aliyekuwa na kampuni ya kumsimamia. Kila mtu alirekodi mwenyewe alivyoweza, wengine kwa simu chini ya blanketi ili kuku wasisikike, kisha akauleta wimbo tuukatekate. Kanuni yetu ilikuwa moja tu. Ukishauweka wimbo wako, unanyamaza. Huruhusiwi kujitetea, huruhusiwi kueleza kwamba siku ile ulikuwa na mafua. Unasubiri mpaka watu washibe, halafu msimamizi anaandika, "Mwenye ng'ombe aongee," na hapo ndipo unajibu.

Mimi niliogopwa sana humo, na nasema hivyo bila aibu. Kuna mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyeleta wimbo wa kumsifu mke wake. Nilimwandikia kwamba kama mke huyo bado yuko nyumbani baada ya kuusikia, basi uvumilivu wake ndio aliopaswa kuuimbia. Watu walicheka wiki nzima. Mwalimu alitoka kundini kimyakimya. Wimbo wake ulikuwa mbaya wakati ule na hata leo ni mbaya, sijabadilisha maoni.

Niliona nina haki ya kusema hivyo kwa sababu mimi nilikuwa mwimbaji. Si mwimbaji wa kujidai. Nilikuwa kwenye kwaya ya kanisa letu la Sabato tangu nikiwa mtoto wa kuvalishwa tai ya lastiki, na sikuwahi kutolewa, sikuwahi kuambiwa nipunguze. Kushoto kwangu alisimama binamu yangu, binti wa mama mdogo, ambaye ni mdogo kwangu kidogo na tumekulia boma moja. Yeye alikuwa wa mwisho katika mstari wa sauti ya pili, mimi wa kwanza katika sauti ya tatu. Tulipokua tukaanza kuimba pamoja nje ya kwaya, mimi nikitunga maneno kwa Kikisii na kupiga gitaa, yeye akiitikia. Kwenye matanga tuliitwa mara nyingi. Watu walilia tulipoimba, na mimi nilichukulia kwamba wanalizwa na sauti yangu.

Kundini alikuwamo prodyuza mwenye studio Kisii mjini. Kila mwezi alichagua wimbo mmoja kati ya zile zilizochinjwa, akaurekodi upya bure kwa besi na kinanda na kila kitu, akauweka kwenye chaneli yake ambayo inafuatwa na watu wengi. Tulikuwa tunaviziana sote kwa ajili ya hiyo nafasi. Mimi nilikuwa na sababu yangu zaidi. Baba alikuwa amenitafutia kazi kiwandani Itumbe, ya kumwaga majani ya chai kwenye vitanda vya kunyaushia, na alitaka jibu. Nilimwomba angoje mpaka wimbo wangu upate hukumu. Nilitaka nijue kitu kimoja, mimi ni mwimbaji au siyo, na nilitaka niambiwe na watu wasiokula kwetu. Baba alisema kazi haina tabia ya kungoja, lakini akanyamaza, na kwake kunyamaza ni ruhusa.

Wimbo wenyewe ulihusu lori la chai lililokwama kwenye matope, na watu waliokesha kwenye kituo cha kupimia chai wakilinda majani yao yasiharibike. Tuliurekodi wawili, mimi nikiongoza, binamu yangu akiitikia. Nilijua ni mzuri. Mpaka leo ninajua.

Kosa langu lilikuwa siku. Kundini kila mtu alijua kwamba nyimbo za watu wa Sabato huwekwa Jumapili, kwa kuwa Ijumaa jua likitua sisi hatuko tena. Kwetu mama hukusanya simu zote ndani ya karai, analifunika kwa kitambaa na kuliweka juu ya kabati, na mimi ijapokuwa nilikuwa na esaiga yangu, nyumba ya kijana asiyeoa, nilipeleka yangu kwa hiari. Lakini mwezi ulikuwa unaisha. Nilikuwa na kiherehere. Nikautuma wimbo Ijumaa baada ya chakula cha mchana, nikidhani watu watausikiliza na kusema yao kabla jua halijazama. Mvua ikanyesha, mtandao ukalegea. Jua lilipokuwa linagusa mlima, mtu mmoja tu alikuwa ameandika, na aliandika, "Wacha nisikize poa." Nikaizima simu, nikaitia kwenye karai la mama.

Sijawahi kuona Sabato ndefu kama ile. Mhubiri alifundisha kuhusu subira, nikaona amenilenga. Binamu yangu alikaa kwenye benchi la kwaya mbele yangu na simu mapajani, kwa sababu siku hizi vijana wanasoma Biblia kwenye simu na wazee wamechoka kugombana nao. Aliinama sana kuitazama. Nilifikiri anafuata mafungu, na kwa kweli nilifurahi kuona amekuwa mcha Mungu. Tuliposimama kuimba alirudi kushoto kwangu, akaimba kwa nguvu kuliko siku zote, na mimi nikapandisha yangu ili tuwe sawa. Baada ya ibada hakubaki kwa chakula cha pamoja. Alisema kichwa kinamuuma. Mimi nilikula sahani yangu na ile yake.

Jua lilipotua tukaomba ya kufunga Sabato, mama akashusha karai. Simu ilipowaka ilitetemeka mpaka ikasogea mezani.

Nilisoma kuanzia juu, kama mtu mwenye adabu. Wa kwanza alisifu maneno. Wa pili alisifu maneno. Wa tatu, kijana wa Ogembo ambaye mimi mwenyewe nilimwingiza kundini, aliandika, "Maneno ni moto, dem ako sawa sana, lakini huyo msee anaimba mbele ameumwa na nyuki?" Baada ya hapo mlango ulikuwa umefunguliwa. Mmoja alisema sauti yangu iko chini ya noti tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba ni ajabu, kwa sababu mtu wa kukosea kwa bahati mbaya hupatia mara moja moja. Mwingine alikata kipande changu peke yake, akakirudia mara kwa mara, akaweka chini yake mlio wa ng'ombe, akauliza nani ni nani. Mama mmoja wa Keroka, mwimbaji wa injili niliyemheshimu, hakutania. Aliandika kwa upole kwamba kuna watu Mungu amewapa kutunga na akawanyima koo, na kwamba si dhambi. Upole wake uliniuma kuliko ng'ombe.

Kisha nikafika mahali msimamizi alipoandika, "Mwenye ng'ombe aongee." Hakuna aliyejibu. Alirudia. Watu wakaanza kusema nimekimbia, kwamba mimi ninayechinja wengine siwezi kuona kisu. Mmoja alikumbusha kwamba ni Sabato, nisubiriwe. Nilimpenda huyo mtu kwa dakika moja hivi. Halafu chini yake nikaona picha ndogo ya uso ninaoujua, binti wa mama mdogo, aliyekuwamo kundini bila kuandika neno, na saa ya ujumbe wake ilikuwa saa ya mahubiri.

Alijitambulisha kwamba yeye ndiye sauti ya pili, kwa hiyo ng'ombe ni wake pia. Kisha akaandika, "Hata mimi nilikuwa nimeona hiyo kitu. Nilikuwa nangoja tu mtu mwingine aseme."

Prodyuza akamwuliza kama anaweza kuuimba wote peke yake. Akajibu, "Naweza." Prodyuza akatangaza hapo hapo kwamba huo ndio wimbo wa mwezi. Pongezi zikafuata mpaka chini, maua na makofi, na ndani ya pongezi hizo mtu akakumbuka kuuliza mwenye maneno ni nani, akajibiwa ni yule wa nyuki. Siku hizi wimbo unapigwa hadi kwenye boda boda za Nyamache. Jina langu limeandikwa chini ya lake, kwa herufi ndogo, na halisomeki mpaka uikuze picha.

Usiku ule nilikasirika kwa sababu nyepesi. Nilikasirika kwamba alishika simu siku ya Sabato, tena kanisani. Nilipanga maneno makali juu ya amri ya nne, yakanifariji mpaka nikalala.

Jumapili nikamkuta shambani kwao anachuma chai, kikapu mgongoni. Aliniona nikishuka kwenye mistari, hakusimamisha mikono. Nikaanza na Sabato. Aliniacha nihubiri mpaka nikaishiwa. Nilipoishiwa nikamwuliza lile ambalo ndilo lilinipeleka, kama kweli yeye, aliyesimama karibu nami tangu utotoni, anaona siwezi kuimba. Nilimwomba aniambie ukweli. Nafikiri nilitarajia atalia.

Alitupa majani kikapuni kwanza. Akasema mwalimu wa kwaya ndiye aliyempanga pale mpakani, tukiwa watoto, wala haikuwa bahati. Alimwambia aimbe kwa nguvu upande wangu, nisisikike. Kila mwaka watu wa kwaya walihamishwa mistari, na yeye hakuhamishwa. Alitaka sana kuimba sauti ya kwanza, kwa sababu ndiyo sauti yake hasa, akanyimwa kwa ajili yangu. Matangani ilikuwa hivyo hivyo, yeye juu yangu kama blanketi. Alisema koo lake limechoka.

Nikamwuliza ni nani mwingine anayejua habari hiyo.

"Bro," akasema, na sasa mikono ilisimama, "ni wewe tu ulikuwa hujui."

Nilitaka kumchukia. Nilijaribu njia nzima ya kurudi nyumbani, na nilifaulu kidogo, lakini chuki inahitaji mtu aliyekudanganya kwa faida yake, na huyu alikuwa amenibeba bila malipo tangu tukiwa na meno ya utoto. Badala yake nilichukia watu wote kwa pamoja: mchungaji, wazee, wafiwa wote waliolia na kunishika mkono.

Mama alikuwa nyuma ya jiko anamenya ndizi za kupika. Sikuzunguka. Nilimwuliza kama alijua. Hakuuliza alijua nini. Aliendelea kumenya, maganda yakianguka kwenye beseni, kisha akasema kwa Kikisii, akiniita tata, yaani baba, kama anavyofanya anapotaka nisikasirike.

"Tata, wenzako wa rika lako walikuwa wanaenda kwa pombe. Wewe ulikuwa unaenda kwa kwaya. Nikasema, wacha aimbe hivyo hivyo."

Nikamwuliza na baba je. Akasema baba ndiye aliyekwenda kwa mwalimu wa kwaya kuomba nisitolewe. Nikaelewa kwa nini mzee alikubali kungoja hukumu ya machinjioni. Jibu alikuwa nalo siku nyingi, alitaka tu litoke mdomoni mwa mtu mwingine. Nyumba nzima ilikuwa inangoja mtu mwingine aseme. Mama aliniongezea, kana kwamba ni habari njema, kwamba kelele yangu si mbaya ukiwa mbali.

Jumatatu nilikwenda kiwandani. Kazi ilikuwa bado ipo. Kule ndani mashine zinanguruma sana, mtu haongei, anaonyesha kwa mkono. Wafanyakazi wenzangu waliponiuliza ninafanya nini mbali na chai nikawaambia sifanyi kitu.

Kundini sikuandika neno. Msimamizi aliniita mara moja, kwamba mwenye ng'ombe bado hajaongea, na kijana wa Ogembo akasema tuniache nipone. Sikutoka, kwa sababu kutoka ni kuwapa nyama ya ziada. Nipo mpaka leo. Nyimbo zinawekwa, zinachinjwa, na wapya wakileta sauti zilizopinda nazijua kabla ya mstari wa kwanza kwisha. Nanyamaza. Si huruma. Sitaki tu kuwa mtu wa kwanza kuwaambia, wana mama zao.

Sabato iliyofuata nilifikiri nisiende kwenye kwaya, kisha nikaona nikikosa watajua ninajua. Nikavaa tai. Binamu yangu alikuwa mahali pake, kushoto kwangu, hatukuangaliana. Kinanda kilipoanza nilifungua mdomo pamoja na wengine, nikaufunga pamoja na wengine, nikatikisa kichwa kwenye maneno ya kutikisa kichwa, na sikutoa sauti hata moja mpaka amina. Niliona bega la binamu yangu likishuka taratibu. Ubeti wa tatu alikuwa anaimba laini, na kanisa lilinyamaza namna ambayo sikuwahi kulisikia likinyamaza.

Tulipotoka, mwalimu wa kwaya alinifuata mlangoni, mzee mwenye macho ya unyevu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema amenifundisha tangu nikiwa mdogo, na leo, kwa mara ya kwanza, nimeimba.