Watani wa Koti Refu na Sharubu

Desemba iliyopita, shule zilipofungwa, niliteremka kwenye treni pale Itigi nikiwa na begi moja na cheti changu cha ualimu kilichokuwa bado kinanukia wino. Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Miguu ilinipeleka hadi shule ya msingi niliyosoma, kwenye darasa la mwisho upande wa reli, na mlinzi aliponifungulia mlango nikauona mraba mweupe wa chokaa ukutani. Ulikuwa umefifia, na watoto walikuwa wameuandikia hesabu za kugawanya. Wewe, msomaji wangu, huenda ungeona ukuta tu. Mimi nilisimama mbele yake hadi mlinzi akaniuliza kama kuna kitu nimepoteza.

Nilipokuwa na umri wa miaka saba au minane, mwalimu wetu wa Kiswahili aliuza baiskeli yake na ng'ombe wawili, akasafiri hadi mji mmoja wa mbali ambako mfanyabiashara alikuwa akilifunga jumba lake la sinema. Alirudi na projekta kuukuu iliyoviringishwa kwenye blanketi, pamoja na mikanda mitatu ya filamu za Kihindi za zamani, nyeusi na nyeupe. Ilisemekana kwamba kwa jinsi alivyoipakata njia nzima, abiria wenzake walimpa pole wakidhani amebeba mtoto mgonjwa.

Tulizitazama filamu hizo tatu kwa miaka mitatu, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri. Madirisha tuliyaziba kwa magunia na mablanketi ya majirani, kwa hiyo giza letu lilinuka mtama, moshi na jasho la watu wengi. Umeme ulitoka kwenye jenereta ya mwenye mashine ya kusaga, ambaye siku hiyo aliwaambia wanawake wenye madebe ya mahindi warudi Jumatatu. Bibi yangu alikaanga karanga tangu asubuhi, akazifunga kwenye kanga, na kazi yangu ilikuwa kuzipitisha gizani bila kumwaga hata moja. Kisha mashine ilianza kulia kama cherehani, vumbi likacheza kwenye mwanga wake, na kwenye ule mraba wa chokaa ukutani akatokea mtu tuliyemwita Koti Refu.

Jina lake halisi liliandikwa mwanzoni mwa kila filamu, lakini kwa herufi ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mwenzake, mwovu wa filamu zote tatu, ambaye kwa ajili ya masharubu yake tulimwita Sharubu. Katika filamu tuliyoipenda kuliko zote, Koti Refu alikuwa mlinzi wa stesheni ya treni, na Sharubu akaiba mizigo ya abiria na kumsingizia hadi akalia. Katika mji uliojaa wafanyakazi wa reli, hiyo haikuwa hadithi ya Wahindi. Ilikuwa habari ya jirani. Bibi hakujua neno moja la lugha ile, lakini kila Koti Refu alipokaribia ghala alimwonya kwa sauti: "Usiingie humo, mwanangu, wamekuwekea mtego." Naye kila mwezi aliingia, na kila mwezi Bibi aliguna kama mama ambaye hasikilizwi.

Ili uelewe yaliyotupata, lazima nikueleze habari ya utani. Makabila yaliyokutana kwenye mji wetu yalikuwa na utani wao tangu enzi za mababu: mtani aliweza kukuvua kofia msibani, kuchukua kuku wako aliye chunguni, au kukuita mchawi mbele ya wakwe zako, nawe hukuruhusiwa kukasirika. Aliyemkasirikia mtani alionekana mtu asiyelelewa. Sijui nani alianza, lakini kabla mwaka wa kwanza haujaisha, wapenzi wa filamu zetu nao walikuwa wamegawanyika pande mbili za utani, watu wa Koti Refu na watu wa Sharubu. Mwalimu, Bibi na mimi tulikuwa wa Koti Refu. Tuliweka na sharti moja letu wenyewe: chochote mtani alichokichukua lazima kirudi kabla ya jua kuzama, au kiliwe mbele ya mwenyewe.

Kiongozi wa watu wa Sharubu alikuwa jirani yetu mnunuzi wa alizeti. Nilimwita mjomba, ingawa hatukuwa na undugu. Hakuna aliyezijua filamu zile kama yeye. Angeweza kukunja nyusi moja kama Sharubu, kutembea kwa kuburuta kisigino kama Sharubu, hata kukohoa kama yeye. Mwalimu hakumruhusu mtu yeyote kuigusa mashine isipokuwa jirani huyo. Alimfundisha kuupitisha mkanda kwenye meno ya projekta na kuuunganisha unapokatika. Mimi nilimpenda kwa sababu alinitania kama mtu mzima. Nilipopita uani kwake na ndoo ya maji aliniita: "Wewe mtani, huyo Koti Refu wenu bado analia? Mwambie alilie kwenye ndoo yako, akupunguzie safari ya kisimani." Nami nilimjibu kwamba Sharubu hana hata mke wa kumpikia, ndiyo maana anaiba vikapu vya abiria. Alicheka hadi akashika kiuno.

Kila mwaka, baada ya mavuno, tulifanya Siku ya Waigizaji. Tulibandika ukutani picha zilizochorwa na Mwalimu kwa makaa, tukala kuku na ugali wa uwele, tukachovya mihogo kwenye asali iliyotoka porini, na kila upande ukamsimamisha msemaji wa kumsifu mwigizaji wake na kumtukana wa wenzao. Kisha filamu ya stesheni ilionyeshwa. Sikumbuki sherehe nyingine yoyote ambayo Waislamu na Wakristo, wenye mishahara na wachungaji wa ng'ombe, walikaa kwenye madawati yaleyale bila mtu kuuliza nani akae mbele.

Huo ulikuwa wakati ambao maduka yaliyozoea kuwa matupu yalianza kujaa. Zilikuja sabuni za rangi, nguo za mitumba na redio za kaseti. Neno ruksa lilikuwa vinywani mwa kila mtu. Hata sisi darasani tulilitumia tukitaka kwenda chooni. Jirani alipata lori, akaanza kusafirisha alizeti hadi Dodoma na zaidi, na kila aliporudi alikuwa na neno jipya la kutusimulia.

Mwaka wa tatu, Siku ya Waigizaji, filamu ilipokwisha na magunia kuondolewa madirishani, jirani alisimama akakunja ile nyusi moja. Alianza kunyata kuelekea mbele kama Sharubu anavyonyata kwenye ghala la stesheni. Watu wakaanza kucheka kabla hajafanya lolote. Aliizungushia projekta blanketi, akaitia begani, akatoka nayo akiburuta kisigino, tukamfuata wote hadi kwenye lori lake lililokuwa limesimama chini ya jua kali.

"Watani, nimeiba," alisema. "Mlinzi wenu yuko wapi? Au bado analia?"

Wanawake walipiga vigelegele. Alirudi akachukua mikanda miwili, akaipakia. Mwalimu, machozi ya kicheko yakimtoka, aliingia darasani, akatoka na mkanda wa tatu na kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Umesahau huu," alisema. "Mwizi gani asiyejua kuhesabu?"

Nilikimbia nyuma ya lori nikipiga makofi hadi njia panda ya Manyoni, vumbi likaniingia mdomoni.

Jua lilizama. Bibi alisema huenda tairi limepasuka. Siku ya pili Mwalimu alisema mtani ameamua kuunogesha mchezo. Siku ya tano alikwenda hadi njia panda, akarudi peke yake. Wiki ya tatu jirani alirudi, na kwenye lori kulikuwa na televisheni, deki ya video na kasha la kanda za watu wanaopigana mateke. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa amejenga kibanda cha mabati karibu na stesheni. Mwalimu alipokwenda kumuuliza, mimi nikiwa nimemshikia mwavuli, jirani alimkaribisha kwa furaha kabisa, kama mtu aliyefikiwa na mgeni wa heri.

"Mwalimu, tangu lini mtani anadaiwa? Kaa hapa mbele, wewe utatazama bure."

Mwalimu hakukaa. Njiani nilimwomba twende kwa mwenyekiti wa kijiji. Alisema, "Nitamwambia nini, mwanangu? Mkanda wa tatu nilimpa mwenyewe. Watu wote wanajua nilicheka."

Wala si yeye peke yake aliyenyamaza. Kwenye kibanda kulikuwa na rangi, na kila wiki kulikuwa na sura mpya. Wenzetu waliokuwa wakitokwa na machozi kwa ajili ya Koti Refu walianza kupanga foleni pale kwenye mabati, wakaeleza kwamba filamu za kale zilikuwa zinakwaruza macho. Nakiri kwamba hata mimi niliingia, mara mbili, na mara ya pili nilisahau kuwa na hasira.

Mwaka uliofuata jirani alitangaza kwamba Siku ya Waigizaji itafanyika kibandani kwake. Upande wetu ulinichagua mimi kuwa msemaji. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilisimama juu ya benchi, nikaacha sifa zote za Koti Refu nilizokariri, nikamnyooshea jirani kidole.

"Mjomba, wewe ni mwizi. Umeiba mashine ya Mwalimu na hukuirudisha. Mwalimu aliuza ng'ombe wake kwa ajili yetu, na wewe umemfanya aone aibu kuidai mali yake."

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Walipiga mabati kwa viganja. Mama mmoja aliniinua juu akisema huyu ndiye mtani wa kweli, amemchoma hadi mfupa. Jirani alicheka kuliko wote, akanipa soda ya rangi ya machungwa, kama ilivyo ada mtani anapozidiwa maneno. Nilimtafuta Mwalimu kwa macho. Alikuwa ameketi karibu na mlango, naye alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu anayetaka watu wamwone akitabasamu. Nilikuwa nimesema ukweli wote niliokuwa nao, kwa sauti, mbele ya mashahidi, na haukuwa umesikika. Soda ile niliinywa.

Mwalimu alihama muhula uliofuata, akarudi kwao Misigiri, na huko alifariki nikiwa chuoni. Bibi alimtangulia. Wengine wametawanyika kwa ndoa na kazi. Nimesoma mengi tangu wakati ule kuhusu mali ya umma na mali ya mtu binafsi, na kuhusu namna soko linavyoigeuza tabia ya watu. Sikuona mahali palipoandikwa kuhusu utani, jinsi desturi iliyotufundisha kutokasirika ilivyomfaa mtu wa kwanza kati yetu aliyejifunza kuchukua.

Siku ya tatu ya likizo nilikwenda kwa jirani. Nilimkuta kibarazani, mzee sasa, akipepeta alizeti kwenye ungo. Kibanda chake kimekufa. Vijana wamejenga vingine vizuri zaidi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mtani wangu. Koti Refu bado analia?"

Kabla sijajibu aliweka ungo chini, akainua mikono na kuanza kulivua koti ambalo halikuwapo: kifungo kimoja kimoja, mkono wa kushoto mwisho, kisha akalilaza kando bila kulitazama. Ndivyo Koti Refu alivyofanya alipofukuzwa kazi ya ulinzi. Sikuwa nimeiona ishara ile kwa miaka kumi na minne, na ilikuwa kamili, hata pale bega linapokataa kidogo. Lakini nilikuwa nimekuja na swali.

"Mjomba, mashine uliipeleka wapi?"

"Mtani haulizwi."

"Sikuulizi kama mtani. Utani wetu nauvunja leo."

Aliponijibu, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Aliyenipa deki alitaka lenzi tu. Vyuma alivitupa, na mikanda watoto wake waliichezea. Nilidhani Mwalimu alijua. Wote mlicheka." Kisha akageuka na kuita ndani, "Mleteeni mwalimu kiti."

Miaka yote mingine aliniita mtani, nami nilikuwa nikikaa pembeni ya mkeka wake bila kukaribishwa. Safari hii nilikaa kwenye kiti cha wageni, mgongo wima. Tuliongea habari za mvua, na kwamba alizeti ya mwaka huu ni nyepesi. Nilikuwa na haki, na bado naamini nilikuwa na haki. Lakini katika mji wote wa Itigi hakuna mtu mwingine anayekumbuka Koti Refu alivyolivua koti lake, na mikono inayokumbuka ilikuwa imerudi kupepeta alizeti, nami sikuwa tena na ruhusa ya kuiomba ianze upya.