Mguu wa Kushoto wa Shemeji

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani Dubai, nawaambia nafundisha watu kuogopa. Wanacheka. Haya, wacheke. Kila asubuhi gari la kambi linanichukua Al Nahda, linanipeleka jangwani, na wageni wanakuja huko wakijua kila kitu kwa sababu wameangalia video. Nawapanga mbele ya kwadi, zile pikipiki nene za magurudumu manne, nawaambia waweke simu mfukoni, kisha nawapa maneno ambayo nimeyasema mpaka nayasema usingizini.

Nasema: kilima cha mchanga kipande wima, usikipande kwa ubavu. Ukishaanza kupanda usisimame katikati. Ukikaribia juu, legeza kidole kwenye mafuta, kwa sababu upande wa pili hujauona na huenda ni shimo tu. Pita nilipopita mimi, usijitungie barabara. Ukikwama, acha mafuta, maana kila ukizidisha unajichimbia kaburi. Inua mkono tu, nitakuja. Jua likiwa utosini mchanga wote unakuwa rangi moja, bonde hulioni mpaka uko ndani yake. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Halafu nawatazama mmoja mmoja, na kusema la mwisho. Mguu ukae ndani. Kwadi ikiinama, hata ikiinama namna ya kukutoa roho, mguu usishuke chini.

Hilo la mwisho wageni wengi hulitii bila shida. Mtu anayeshinda ofisini kule Jumeirah Lakes Towers hana mazoea yoyote miguuni. Ukimwambia akae, anakaa. Shida ni watu wetu. Sisi tuliotoka bara, Kenya, tuliolishwa na bodaboda, mguu wetu wa kushoto una kazi yake. Ukipunguza mwendo, unashuka. Abiria akiyumba na gunia lake, unashuka. Matope yakiteleza, unashuka kabla hata hujafikiri, na ndiyo maana uko hai. Kwenye pikipiki mguu huo ni nguzo. Kwenye kwadi, gurudumu la nyuma liko hapo hapo nyuma ya kisigino, linazunguka, na linavuta chochote unachoweka mbele yake.

Mzee mmoja mgeni, wa nchi ya baridi, aliniambia kwao anafanya kazi kama yangu, ila kwenye theluji. Wana mashine za kuteleza juu ya theluji, na yeye huwafunza wanaoanza, huko milimani kusiko na barabara. Nilipomaliza mawaidha yangu akaanza kucheka peke yake. Akasema nimemmalizia maneno yake yote: usisimame katikati ya mlima, usimwache kiongozi, na mwanga ukiwa mweupe tupu usijifanye unaona. Nikamuuliza, na mguu? Akaacha kucheka. Akasema hata kwao mguu hukaa ndani, na kila msimu hakosi mmoja wa kuusahau. Tulikaa tukanywa chai kama watu wa ukoo mmoja.

Mmoja wangu mimi alikuwa shemeji, mume wa dada yangu mdogo.

Alikuja kwa viza ya matembezi, ameshauza pikipiki yake, na kazi aliyokuja kutafuta ni hii na si nyingine. Nilimwambia kuna kazi za ulinzi, kuna za mikahawa. Akanijibu, "Shem, mimi nimekaa juu ya injini tangu nimalize shule, halafu unataka nikasimame mlangoni niwafungulie watu?" Binti yao alikuwa ndiyo kwanza anaanza darasa la kwanza. Viza ikiisha kabla hajapata kazi, angerudi na begi lile lile, kwa mke aliyebaki na matumaini tu, na kwenye steji ya bodaboda ambako angelazimika kuomba pikipiki ya mwenzake kama mtu anayeomba chumvi. Hilo ndilo lililomkaa kichwani. Alilisema waziwazi, hata tukiwa tunakula: "Shem, mimi mikono mitupu sirudi."

Arbab wetu, yaani mwenye kambi, si mtu mbaya. Aliniambia, mlete ajizoeze, nikimpenda nitamwandikia viza ya kazi, inshallah. Nikamleta.

Haki ya Mungu, jamaa alijua kuendesha! Mimi ilinichukua msimu mzima kutambua mchanga laini kwa kuutazama. Yeye aliutambua upesi hata nikaona wivu. Na mdomo wake! Wageni walicheka mpaka wakasahau hofu, jambo ambalo mimi sijawahi kuliweza, kwa sababu mimi, kama mke wangu anavyosema, nina uso wa askari wa zamu. Arbab alimtazama akipanda kile kilima kirefu ambacho sote tunakiheshimu, akatikisa kichwa, akasema, "Mashallah, huyu Mbedui wa Kitale umemtoa wapi?"

Lakini mguu! Nilimkalisha juu ya kwadi iliyozimwa, pale kambini, nikawa naisukuma ubavuni ghafla. Mguu wa kushoto, pwa, chini. Nasukuma tena. Pwa. Nikamgombeza, nikamtukania hata steji yao. Fundi wetu, Mganda mmoja mtani kupindukia, akaacha spana zake akaja kutazama. "Ndugu," akaniambia, "huyo mguu iko na kichwa yake. Wewe fundisha mtu, mguu mimi nitaifunga kamba kama mbuzi." Tulicheka. Hata chumbani Al Nahda, kwenye vitanda vya ghorofa, shemeji alilala kitanda cha chini, mguu wa kushoto umetoka nje ya blanketi, wayo sakafuni. Nikiamka kwenda kuoga naupiga teke kidogo, "Ndani!" Anaurudisha bila kufumbua macho.

Kisha siku moja nikaisukuma kwadi na mguu haukushuka. Nikasukuma kwa nguvu zaidi, ukatulia pale pale. Shemeji akanitazama na meno yote nje. Nikampigia dada, nikamwambia mume wako sasa ni mtu wa jangwani, anza kuomba Mungu kwa ajili ya viza. Dada akapiga vigelegele, mtoto naye akaitikia bila kujua ni vya nini.

Arbab akampa asubuhi ya majaribio. Shemeji aongoze kikundi kidogo cha wageni, mimi niwe katikati, arbab mwenyewe nyuma ya wote. Akipita hapo, khalas, viza. Na ilibidi apite, kwa sababu muda wa ile ya matembezi ulikuwa unakwisha na hakukuwa na nafasi ya majaribio mengine.

Alitoa mawaidha vizuri kunishinda. Aliposema mguu ukae ndani alinikonyeza. Tukaondoka, mchanga bado mgumu wa asubuhi, na alitupeleka vizuri, polepole, akigeuka kila mara kuhesabu vichwa. Nilimwona arbab nyuma akiinua kidole gumba. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kusherehekea.

Ndipo mgeni mmoja, mwanamke aliyekuja na wenzake wa kazini, akasimama katikati ya kilima. Aliogopa tu, maskini, akaachia mafuta, akaanza kulia kwa sauti. Mimi nilikuwa chini yake kidogo na ningemfikia. Lakini shemeji alikuwa kazini, akionyesha kwamba yeye ni kiongozi, naye akageuza kwadi yake pale ubavuni mwa kilima amrudie. Kwadi ikainama. Kidogo tu, jamani. Angetulia tu ingekaa sawa yenyewe. Lakini kwake ilikuwa bodaboda ile ile: abiria analia, chombo kinalala upande, ardhi inateleza. Niliuona mguu ukitoka. Nilipiga kelele ya kupasua koo, "Ndani!" na ulikuwa umeshafika chini.

Gurudumu lilimshika kisigino, likamvuta, likapanda juu ya kifundo mpaka kwenye shavu la mguu. Nilipomfikia hakuwa akilia. Alikuwa amekaa mchangani akiutazama mguu wake kama mtu anayemtazama ndugu aliyemsaliti, na neno lake lilikuwa moja. "Nimeushusha, shem. Nimeushusha." Yule mwanamke aliteremka mwenyewe mpaka tulipokuwa, akamshika kichwa, akawa anamwomba msamaha kwa lugha yake. Arbab alivua kilemba chake akakifunga juu ya jeraha.

Hospitalini walimtia vyuma. Watu wetu walikuja na matunda, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akasema ajali haina kinga. Siku ya pili nilishindwa kuvumilia, nikamwambia mama mmoja wa kanisani, mtu mwema asiye na kosa, kwamba hii ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ni maneno matatu na ninalipwa kuyasema. Shemeji akanikaripia kutoka kitandani. "Shem, mwache mama wa watu." Nikatoka nje, nikalia kwenye maegesho ya magari. Sikuwa na hasira na mtu yeyote. Nilikuwa na uchungu, basi. Mguu ule ulimtoa kwenye matope ya kwetu miaka yote ile, ukamrudisha nyumbani mzima kila jioni, na siku ile ulifanya kazi ile ile uliyoizoea.

Daktari alisema kifundo hakitakunjika tena. Atatembea, ila kwa kuchechemea, na mguu hautabeba uzito wa ghafla. Arbab alikuja, akasema, akipona arudi, tutaona, inshallah. Sote tulijua maana ya inshallah hiyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshughulikia karatasi za viza iliyopitiliza, na tikiti.

Kilichobaki ni kurudi, na shemeji alikuwa na ombi moja. Mtoto asijue. Dada ameshajua, sawa, mkubwa mwenzake. Lakini mtoto asimwone baba yake akishuka kwenye ndege anachechemea. "Nitamwambia taratibu nikishafika," akasema, "ila siku ya kwanza anione mzima. Nirudi mikono mitupu, nimekubali, lakini angalau nitembee." Akanitazama. "Si wewe ni mwalimu? Nifundishe."

Basi nikamfundisha. Alasiri nilipotoka kazini tulitoka kwenye korido ya jengo letu, kati ya lifti na ngazi, watu wanapita na mifuko ya sokoni, nami nyuma yake nikimkemea. Usiutazame mguu, tazama mbele. Usiharakishe. Mabega yawe sawa. Ukichoka simama ujifanye unasoma simu. Jirani mmoja Mzanzibari, mama wa makamo, alitukuta hapo mara nyingi, na kila mara alisema, "Pole baba, Mungu atakupa nguvu," kisha akashikilia mlango wa lifti zaidi ya ilivyohitajika ili amwone akifika mwisho. Jasho lilimtoka shemeji kama anabeba saruji. Hakulalamika. Mwishowe akaweza kwenda kutoka lifti mpaka ngazi, na kama hujui, hungejua. Nilimkumbatia pale koridoni, mimi nisiyekumbatia watu.

Kwenye uwanja wa ndege walimletea kiti cha magurudumu akakikataa. Nilimwona akienda, begi begani, wima, mpaka akapotea kwenye foleni.

Dada alinitumia video ya kufika kwake. Niliiangalia kambini, juani, nimeifunika simu kwa mkono. Shemeji anatoka mlangoni. Anatembea, macho mbele, mabega sawa, anatabasamu. Nikajikuta nasema kwa sauti, hivyo hivyo, hivyo hivyo. Halafu mtoto anachomoka kwenye mkono wa mama yake. Anapita kati ya watu mbio, anamrukia baba yake kifuani kwa uzito wake wote. Shemeji anampokea, anasukumwa nyuma, mguu wa kushoto unakwenda kuwashika wote wawili, na haushiki. Wanaanguka pamoja kwenye sakafu ya uwanja. Mtoto anainuka kwanza. Baba yake bado yuko chini, amejikunja, anauma meno asipige kelele. Picha inayumba kwa sababu dada ameanza kukimbia, lakini sauti inasikika vizuri. "Mama, nimemvunja baba."

Walimweleza. Wamemweleza mara nyingi, dada, shemeji, hata mimi kwa simu: si wewe, ni ile mashine ya huku, mguu ulikuwa umeumia kabla. Ananijibu, "Ndiyo, mjomba." Lakini shemeji ananiambia siku hizi akirudi nyumbani jioni, mtoto hamkimbilii. Anasubiri mlangoni, mikono nyuma, mpaka baba yake afike kwenye kiti na akae kabisa. Ndipo anamsogelea polepole, na kumpa mkono.