Bunduki ya Mkwe Wangu

Nyinyi mliooa ugenini, nichekeeni, maana mimi kucheka kumenishinda.

Juzi tulikuwa tunatoka Nizwa kwenda harusini Manah. Mkwe wangu akanikabidhi bunduki aliyoachiwa na marehemu baba yake, niingie nayo harusini begani kama wafanyavyo wanaume wa Kiarabu huku. Tangu nije kutoka Unguja nikamuoa binti yake, alikuwa akiniita "Zinjibari" tu, jina langu hakulitaja. Siku ile akaniita "mwanangu", nikavimba kama andazi.

Njiani polisi wakaisimamisha gari yetu, ya mkwe ikifuata nyuma. "Bunduki ya nani?"

Nami mjuzi wa sheria za kusikia barazani! Niliambiwa kuwa mwenye rukhsa ya silaha akimpa mtu mwengine aibebe, hunyang'anywa. Nikaona nimuokoe mzee.

"Yangu," nikajibu.

"Iko wapi rukhsa yako?"

Sina. Wakaichukua bunduki, nami wakanikalisha chini kando ya njia na kanzu yangu ya harusi.

Mkwe akashuka kwenye gari ya nyuma, rukhsa mkononi, jamaa zake wote wakimfuata. Askari akamwambia, "Huyu anasema bunduki ni yake."

Mzee akanigeukia.

"Nilikupa uibebe," akasema. "Kumbe umeshanirithi, na mimi ni mzima?"