Siku ya Kilo Kambini

Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu kupimwa kilo kwenye kituo cha afya cha mtaa wetu, hapa Lubumbashi. Ana mwaka mmoja na nusu. Mama yake, binti yangu, yuko Mitwaba akitafuta mahindi ya kuuza, kwa hiyo mtoto ni wangu mchana na usiku. Muuguzi alimning'iniza kwenye mizani, akatia alama kwenye karatasi, chini ya mstari wa uzito unaofaa, akanigeukia kwa upole, akaniita kambo, yaani bibi.

"Kambo, huyu mutoto iko chini ya ligne. Anakonda."

"Sasa bouillie mutamupa lini?"

"Bouillie? Atuna. Siye tunapimaka tu."

Nilicheka, ndugu yangu, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mkubwa wake. Mimi ni mtoto wa kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba, na kwetu kilo na uji vilikwenda pamoja.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, king'ora cha zamu kikishalia na akina baba wamekwenda kiwandani, mama zetu walijifunga vitenge vya kutokea wakaelekea foyer, nyumba ya akina mama ambayo kampuni iliijenga katikati ya kambi. Huko walifundishwa kushona na kupika, na wadogo zetu walikuwa na darasa lao la chekechea, gardienne. Mizani ilifungwa kwenye boriti ya baraza, na chini yake kaptula ya turubai ambamo kila mtoto alitumbukizwa akilia. Nyuma ya nyumba uji ulikuwa unachemka: mahindi, karanga za kusaga, maziwa ya unga. Harufu ile ilitufikia sisi wakubwa tukiwa bado tunafagia ua, na tulifagia ovyo ili tuwahi kwenda kunusa kwa karibu.

Mtoto aliyepungua kilo alikalishwa kwenye benchi karibu na mlango, na tangu siku hiyo alikuja kunywa uji kila asubuhi mpaka anenepe. Mpango mzuri, utasema. Lakini benchi lile liliogopwa kuliko ugonjwa wenyewe. Baba alipewa unga na kampuni kulingana na idadi ya watoto. Sasa mtoto wake akikonda, unga unakwenda wapi? Kambi nzima ilikuwa na jibu: unakwenda kwa deuxième bureau, yule mwanamke wa pili aliyefichwa mtaa mwingine. Mama akikaa pale na mtoto wake, ndoa yake ndiyo iliyojadiliwa bombani siku hiyo.

Mdogo wangu aliachishwa ziwa mapema kwa sababu mama alikuwa na mimba nyingine. Akaanza kukataa bukari, ugali wetu. Alinyauka, nywele zikawa nyekundu. Asubuhi ya siku ya kilo mama aliniita chumbani. Nilikuwa na jiwe la kijani, jiwe la shaba lililoanguka kutoka behewani nikaliokota kando ya reli, na sikuwa na kitu cha kuchezea ninachokipenda zaidi.

"Leta ile jiwe yako," akasema. Akalifunga ndani ya nepi ya mdogo wangu, akaongeza kitambaa juu. "Usiseme kwa muntu. Batamuseka baba yako."

Kaptula ya turubai ikashuka vizuri. Mama wa foyer, ndivyo tulivyomwita mwanamke aliyeshika kalamu, akaandika na kumpongeza mama. Nilikuwa na miaka minane, na nilijua. Watoto wengine walikaa benchini midomo imepakaa uji, na mdogo wangu akabebwa kurudi nyumbani. Mwezi uliofuata tukafanya vilevile.

Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio kilikuwa karibu sana. Kilichotuokoa ni kwamba mama wa foyer alikuwa na kazi ya kupita nyumba hadi nyumba, na hakutoa taarifa kabla ya kuja. Alimkuta mdogo wangu amelala mkekani, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, na shimo likabaki. Mama alianza kulia kabla hajaulizwa.

Yule mwanamke hakumkaripia. Alisema tu, "Mama, kuona haya haiko chakula," akamweka mtoto mgongoni mwake mwenyewe na kumpeleka benchini. Miezi minne mimi ndiye niliyempeleka kila asubuhi kabla ya shule, kikombe cha bati kimefungwa kamba shingoni mwake. Siku alipomnyang'anya mwenzake kikombe, mama alicheka mpaka akakaa chini. Leo huyo mdogo wangu ana watoto watano, anaendesha lori huko Kinsevere, na ana kitambi.

Kampuni ilipoanguka, uji ulipoteza maziwa kwanza, halafu karanga, halafu moto haukuwashwa tena. Foyer sasa ni depo. Mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu anahifadhi unga humo. Simlaumu, alinunua kuta tupu. Nilikwenda kwa chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu, kumwuliza kama akina mama tukichanga karanga, yeye anaweza kututafutia baraza na mtu wa kupita majumbani.

"Mama, projet iko," akaniambia. "Inakuya."

Mradi huo umekuwa ukija tangu binti yangu ananyonya. Tulichanga hata hivyo, tukapika kwangu Jumatano mbili. Karanga zikaisha, na kila mmoja akarudi kwenye taabu zake. Mimi mwenyewe ninampikia mtoto uji wa mahindi matupu, na siku nyingine mahindi hayapo.

Juzi nimerudi kituoni. Amepungua tena. Muuguzi akatia alama ya pili chini ya ile ya kwanza, akaziunganisha kwa mstari, akasema nirudi mwezi ujao.

"Nirudi kufanya nini?"

"Kumupima, kambo." Na macho akayaangusha mezani, maskini.

Mama yangu alificha, na bado walikuja mpaka mkekani kumtafuta mtoto. Mimi sikuficha kitu. Wamemwona akiwa uchi, wamejua, wameandika. Nikamfunga mgongoni, mwepesi hata sikuhitaji kukaza kitenge, nikarudi naye nyumbani.