Makaa ya Pemba

Juzi nilikwenda soko la Ngamiani kununua karafuu, na hazikuwa za pilau. Nilimwambia muuzaji anipimie konzi moja, nzima nzima, zenye vichwa vyake. Alipozimimina kwenye kipande cha gazeti harufu ikanipanda puani, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikashika ukingo wa meza yake kama mtu aliyepigwa na jua. Akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nakumbuka.

Kaa basi nikueleze. Ni mambo ya zamani, ila kwangu mimi hayajapoa.

Bibi yangu, mama yake baba, alikaa Bweni, ng'ambo ya mto, ukishuka pantoni ya Pangani. Kila mwaka shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili aliwakusanya wasichana wote wa ukoo kwa mandari. Wanawake watupu. Wanaume wa nyumba walipakuliwa chakula chao wakaambiwa wakalale kwa marafiki. Bibi alikuwa akisema hata jogoo akileta ubishi mandari ikianza atachinjwa, na mwaka mmoja akachinjwa kweli, tukamla na mkate wa kumimina. Tulioga mtoni na khanga zetu kifuani, tukakuna nazi kwa zamu huku tukiimbana, tukala kisamvu na samaki wa kupaka mpaka tukawa hatuwezi kuinuka mkekani. Wenzangu walitoka Tanga, Muheza, wengine Korogwe. Mimi nilizaliwa pale pale kwa bibi, baba na mama walifia pale pale, kwa hiyo mimi nilikuwa mwenyeji. Niliwaonyesha wageni choo kilipo, na nilijiona mkubwa kwelikweli.

Huendi kwenye mandari hiyo bila kualikwa. Bibi alikuwa mkali kwa hilo, kwamba mtu huitwa kwa jina lake, hasombwi kama kuni. Basi alitengeneza kadi. Alichukua mifuko ya saruji iliyokwisha kazi, akaichana, akatoa ile karatasi ya ndani ambayo haijagusa vumbi, akaipiga pasi ya mkaa hadi ikalainika. Gundi ilikuwa uji mzito wa muhogo. Maua aliyachora kwa piko, kwa kijiti cha chelewa, yale yale anayomchora bibi harusi mikononi, na jina la msichana akaliandika kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo alizosomea chuo cha Kurani na nyingine hakuzijua. Mwisho alifunga karafuu kwa uzi, moja kila pembe. Nilimuuliza za nini. Akasema, "Ajue imetoka kwangu kabla hajaifungua." Kazi ya karafuu ilikuwa yangu. Vidole vilininukia wiki nzima, nikawa nalala nimeviweka puani.

Na ukifika, hujatua hata kikapu, bibi alikuwa na swali moja: "Umesoma nini?" Yeye kitabu cha shule hakuwahi kukishika, lakini kila msichana alitakiwa aseme alichosoma mwaka ule. Chochote. Binamu yangu mmoja, mvivu huyo, alikariri maandishi ya chupa ya dawa ya kikohozi, kijiko kimoja kutwa mara tatu, na bibi alimsikiliza kwa makini kama anasikiliza hotuba ya Ijumaa. Kisha akamwambia, "Haya, na wewe umesoma. Kamenye muhogo."

Watu wote humu nitawaita kwa udugu wao tu, kama heshima inavyotaka. Mmoja nitamtaja. Mwanatumu. Shangazi yangu Mwanatumu, binti mkubwa wa bibi, aliyeolewa na karani wa Raskazone, kule Tanga mjini, na kukaa kwenye nyumba ya bati jekundu yenye bustani mbele. Alikuja Bweni mwaka ule mama aliofariki, akamwambia bibi, "Nipe mtoto nikamsomeshe mjini. Hapa ataishia kukuna nazi." Bibi akalia, akanitoa. Alinitoa kwa sababu ya shule. Hilo ulishike.

Shule niliiona mpaka darasa la tatu. Mwanatumu akajifungua, akasema nikae nyumbani kidogo mpaka mtoto achangamke. Mtoto akachangamka, akaja mwingine. Nilifua nepi, nilichota maji bomba la jirani, nilifagia bustani kabla karani hajatoka kazini, nilipika. Nilipouliza shule aliniambia, "Shule ina miguu? Itakungoja." Mume wake alikuwa anasoma gazeti sebuleni, anasikia kila neno. Naye nimtaje: Athumani. Alijua, akafungua ukurasa mwingine.

Kadi nazo zilipitia kwa Mwanatumu. Kila mwaka alikwenda Pangani kumsalimia mama yake, akarudi na fungu la kadi za wasichana wa mjini, akazigawa nyumba kwa nyumba. Mimi nilimsubiri mlangoni. Mwaka wa kwanza nilimpokea kikapu, nikamwamkia, nikasimama. Akaniangalia kama hajui ninachongoja.

"Shangazi, yangu?"

"Yako ipi?"

"Kadi. Bibi hajaniletea?"

"Bibi yako ana wajukuu wengi, mwanangu. Kazi ya macho ile. Labda amesahau."

Asubuhi yake alinipa vipande vya karatasi ya kaki vilivyochanwa chanwa na kufinyangwa donge moja, akaniambia washia jiko. Nikaviweka chini ya makaa, nikapiga kiberiti, nikapepea. Na moshi ulipopanda, jiko zima likanukia karafuu. Nilidhani naota. Nikageuka nikamwambia, "Shangazi, moto unanukia kama kwa bibi." Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. Akasema:

"Makaa ya Pemba hayo. Si ndiko kwenye mikarafuu?"

Nikaamini. Unajua mtoto anavyoamini? Nikainama kwenye jiko nikauvuta moshi ule mpaka macho yakatoka machozi, nikashukuru kwamba tumepata makaa mazuri. Kila mwaka, mwezi huo huo, makaa ya Pemba yalirudi. Na kila mwaka niliyangoja. Ndiyo ilikuwa mandari yangu, ndugu yangu. Kuchuchumaa jikoni Raskazone nikinusa moto wakati wenzangu wanaoga mtoni.

Nilipovunja ungo nikaozwa Pongwe, kwa mwanamume ambaye sina ubaya naye, marehemu alikuwa mpole. Bado nilikuwa mwali ndani bibi alipofariki. Nikavuka kwenda kuzika. Pale msibani binamu yangu mkubwa, yule wa Muheza, aliniona nikiingia uani akaguna.

"Alaa! Mwenye mji wake kaja. Leo Bweni hakunuki samaki?"

"Nani kasema kunanuka samaki?"

"Si wewe? Kila mwaka tunaletewa salamu zako. Ati umekuwa mtu wa Raskazone, vumbi la kwetu linakuharibia viatu. Na bibi wa watu kila mwaka anakuanzia wewe! Ya kwanza kabisa. Anaiwekea na karafuu ya tano katikati, anasema hii ya fundi wangu. Tunamwambia bibi mwache huyo, anajisikia. Anasema siku atakayokuja atakuja."

Niliangalia miguu yangu, maana viatu nilikuwa sina, nilivaa kandambili za kuazima. Na nikiwa nimesimama hivyo jiko lile likanijia, vile vipande, ule moshi. Nilichoma kadi zangu kwa mkono wangu, moja baada ya moja, na nikapepea ziwake vizuri.

Sababu yake haikunichukua muda kuijua. Ningevuka mto ule hata mara moja tu, bibi angeniuliza umesoma nini. Ningesema sijasoma kitu. Angeangalia viganja vyangu, na Mwanatumu angerudi Raskazone peke yake akafue nepi zake mwenyewe.

Nilimfuata. Alikuwa analia kuliko wote, ameshikwa na watu wawili. Nikamuuliza sikioni, "Kadi zangu ulizichoma?" Akajifuta kamasi, akasema, "Mambo ya utoto hayo. Tumzike mama kwanza." Tukamzika. Tangu hapo hajalisema, na mimi sijamuuliza tena.

Nimekuwa mzee-mzee sasa. Nilipokwisha kulea niliingia kisomo cha watu wazima pale Pongwe, nikakaa dawati moja na muuza mkaa, tukacheka wenyewe miguu yetu ilivyokuwa haienei. Leo nasoma. Nimesoma kitabu cha ufugaji wa kuku chote, na nimesoma hadithi moja ndefu aliyoniazima jirani yangu mwalimu, haina jalada, hata sijui inaitwaje. Inahusu mwanamke aliyeteswa na mama wa kambo. Nilikaa nayo mchana kutwa, ugali ukaungua. Nikafika mwisho nikakuta amemsamehe, wamekumbatiana, mvua inanyesha. Nilikirudisha kitabu siku ile ile. Mwalimu akaniuliza, "Umekipendaje?" Nikamwambia aliyekiandika hajawahi kulala jikoni.

Basi mwaka huu mabinti wa ukoo wakaamua kwenye kundi lao la WhatsApp kwamba mandari ya bibi irudi. Wakataka kualikana kwa simu. Nikasema hapana, kadi nitatengeneza mimi, fundi nipo. Ndipo karafuu za Ngamiani. Ndipo mifuko ya saruji niliyoiomba kwa mafundi wanaojenga karibu na kwangu, wakanicheka. Nilichora kwa piko. Na binti wa Mwanatumu akanipigia: "Dada, mama anauliza kadi yake. Kila siku anauliza. Ameshatoa na buibui lake lipigwe pasi."

Nikamwambia ya shangazi nitaipeleka mwenyewe.

Niliitengeneza kwa uzuri kuliko zote, wallahi. Jina lake nililiandika kwa herufi za bibi. Karafuu nne pembeni, ya tano katikati. Asubuhi ya safari nikapanda bajaji mpaka Raskazone. Mabinti walikwishatangulia stendi, wakijua shangazi nitakuja naye mimi, na mfanyakazi wake yuko sokoni. Nilimkuta peke yake kizingitini mwa jikoni, amevaa, kikapu miguuni. Macho yake yana utando mweupe siku hizi, anaona kivuli tu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Umeniondolea wasiwasi. Wenzangu wote wamepata. Umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo. Ngoja nikupikie chai kwanza, safari ndefu."

Jiko lilikuwa palepale. Nikaichana kadi taratibu, nikaiweka chini ya makaa, nikapiga kiberiti, nikapepea. Moshi ukapanda. Akainua pua.

"Mbona moto unanukia karafuu?"

"Makaa ya Pemba hayo, shangazi."

Mkono wake ukatafuta kikapu, ukakipata, akakivuta akakipakata mapajani. Maji yakachemka. Nikamwekea kikombe mahali atakapokifikia, na sukari, na maandazi mawili. Nikamuaga kwa adabu zote, nikaondoka.

Wako watakaosema ni mzee, ni kipofu, ningemwachia Mungu. Mungu ninamwachia mengine.

Bweni tulifika. Binti wa Mwanatumu akaniuliza mama yake yuko wapi, nikamwambia amebaki. Nyumba ya bibi haipo, kiwanja kimeuzwa, kimezungushiwa ukuta na geti jeusi, tukatandika mikeka nje yake. Minazi imebaki michache. Mabinti walipiga picha, wakala wali wa nazi uliopikwa Tanga na kubebwa kwenye mahotipoti. Hakuna aliyekuna nazi. Walizisifu kadi, wakazinusa, nyingine zikaachwa mkekani. Mimi nilikaa nimeshika kikapu changu, sijakitua, nikingoja. Nilikuwa na jibu. La kuku, na la kile kitabu, na hasira yangu juu ya mwisho wake, ambayo naamini bibi angeipenda. Wakanipita wakienda mtoni, mmoja akasema, "Tua kikapu bibi, utachoka." Hakuna aliyeniuliza nimesoma nini. Wa kuuliza alikuwa mmoja tu.

Nikakitua mwenyewe.

Mwakani, nikijaliwa, nitatengeneza kadi tena. Ya Mwanatumu nitaianza ya kwanza, na nitaipeleka mwenyewe.