Niliapa Kwamba Wimbo wa Lango Ni Wangu

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Shetani mwenyewe, mkimwuliza, atasema siku hiyo hakuwa Nyeri.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mwalimu Naro Moru, na shahada yangu ya chuo kikuu niliitaja hata mahali ambapo sikuulizwa. Nilikuwa nimetoa kanda moja ya nyimbo. Waliinunua jamaa zangu, tena wale wanaoniogopa.

Kisha Mama Njoki, aliyekuwa na kibanda cha kanda mjini Nyeri, akaleta kanda ya akina mama wa Kiriaini. Jamani! Kila arusi ikawa ni hiyo tu. Na ndani yake mlikuwa na wimbo uliokuwa pia katika kanda yangu: ule wa lango, ambao upande wa bwana arusi huimba nje, na wenyeji huitikia kutoka ndani kabla ya kufungua.

Nilijua si wangu. Nilichoongeza mimi ni gitaa, tena lilikuwa halijakazwa nyuzi vizuri. Lakini wivu! Nilikwenda kwa wakili, nikaapa kwa maandishi kwamba nimeutunga mwenyewe. Polisi wakabeba kanda zote na kufunga kibanda.

Mama Njoki alinifuata hadi shuleni.

"Mwalimu, mimi niko na hiyo kibanda tu. Arusi ni Agosti na Desemba. Ukinifungia saa hii, watoto watakula nini?"

"Sheria ni sheria, mama," nikamjibu. Mimi huyo!

Kortini wakili wake aliniomba niimbe mstari wa kwanza, ili hakimu, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi asiyezijua nyimbo zetu, ausikie. Nikasafisha koo, nikaimba kwa madaha.

Lo! Wanawake wa Kiriaini wakaitikia nyuma yangu. Karani wa korti akaitikia huku anaandika. Na sauti iliyoshinda zote ilikuwa ya mama yangu mzazi, aliyekuja kuniombea!

"Kimya!" hakimu akafoka. "Mama, wimbo huu umeujulia wapi?"

"Niliimbiwa nikiolewa," mama akasema. "Huyu alikuwa hajazaliwa."

Huko nje nikamwuliza kwa nini alinifanyia vile.

"Ati mtu aimbe kwa lango na mimi ninyamaze? Wewe nilikulea hivyo?"

Madai yakatupwa. Kisha nikashtakiwa mimi, kwa kuapa uongo. Nikapewa kifungo cha nje, na kazi ya ualimu ikaenda. Nililia? Nililia!

Lakini kanda zilirudishwa Januari, arusi zimeisha, na kibanda kimeshapewa muuza viatu. Nilipokwenda kuomba msamaha, nilimkuta Mama Njoki kando ya barabara na gunia la viazi. Akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Karibu, mwalimu. Chagua tu. Ama hizi viazi pia ni wewe ulitunga?"

Wateja wakaangua kicheko. Nami nilijaribu kucheka, kicheko kikakataa kutoka. Msamaha sikupewa, nilipewa viazi, na nikalipa.

Wewe unayetaka kumfungia mwenzako kwa kuapa kwamba chake ni chako, usitie sahihi bado! Nenda kwanza asubuhi, usimame pembeni, umwone akifungua kibanda na kupanga bidhaa zake. Mimi sikwenda. Nilimwona akipanga viazi.